Zawadi Iliyong'ang'ania Mlimau

Baba mkwe wangu alipokaribia kutimiza miaka 70, mimi ndiye niliyejitolea kumchagulia zawadi, na ndiye niliyetangaza mbele ya shemeji zangu wote kwamba safari hii hatutampelekea shati la nne la mistari. Mzee ana mlimau mkubwa ambao matawi yake yameanza kulala juu ya paa, na kila mwaka huyapunguza kwa msumeno wa mkono uliozeeka pamoja naye. Nikaamua kwamba anahitaji msumeno mdogo wa mnyororo, ule unaotumia betri.

Naomba isidhaniwe kwamba nilinunua kwa pupa. Nilisoma majuma matatu. Usiku mzima wa kwanza na nusu ya usiku wa pili nilizimaliza nikilinganisha msumeno wenye betri iliyoandikwa volti 18 na mwingine ulioandikwa volti 20, nikipima kama mzee wa umri ule angeweza kuzihimili zile mbili za ziada, hadi nilipogundua kwamba ndani ya betri zote mbili mna seli tano zilizounganishwa kwa mfuatano, kila moja ikiwa na volti 3.6 za kawaida na kupanda hadi karibu 4 au zaidi kidogo inapojaa chaji. Kwa maneno mengine, ile betri ya 20 ni ndugu pacha wa ile ya 18, isipokuwa yeye alipimwa akiwa ametoka kula. Nilifurahi kana kwamba mimi ndiye niliyeivumbua betri yenyewe, nikamwamsha mke wangu nimweleze. Hakufurahi.

Baada ya hapo nikachimbua hata historia. Nilimsomea mke wangu kwamba mnamo 1830 Mjerumani aitwaye Bernhard Heine alitengeneza chombo chenye mnyororo wa meno uliozungushwa kwa mkono, na kwamba hakikuwa cha kukatia miti bali cha madaktari wa upasuaji kukatia mifupa. Aliniuliza kama ninamnunulia baba yake zawadi au ninamwandalia operesheni.

Hatimaye nilichagua wenye bapa, yaani ule ulimi wa chuma ambao mnyororo huuzunguka, la inchi 6, takriban sentimita 15, wenye uzito ambao mzee angeubeba bila kuhema, na wenye kitufe cha usalama ambacho ni lazima kibonyezwe kwa kidole gumba kabla kifyatuzi hakijakubali kufanya kazi. Nikaongeza miwani ya kinga, glavu na kichupa cha mafuta ya mnyororo. Mpaka hapo sikuwa nimekosea kitu, na ninaona ni haki yangu kulisisitiza jambo hilo kwa sababu ndilo pekee la kujivunia katika kisa hiki.

Msumeno ulipofika, mnyororo ulikuwa peke yake ndani ya mfuko mdogo. Nikaona ni aibu kumkabidhi mkwe kitu kilichovunjwa vunjwa, hivyo usiku wa kuamkia sherehe nikaketi mezani, nikauvalisha mnyororo kwenye bapa kama mtu anayemvisha bibi harusi mkufu, nikafunga kifuniko, nikakaza nati. Nikachaji betri. Nikaufyatua kwa sekunde mbili. Ukanguruma vizuri sana, na mimi, kwa ujinga ambao bado sijauelewa, nikaamini kwamba msumeno unaonguruma ni msumeno unaokata. Nikaufunga kwa karatasi ya rangi ya dhahabu.

Kesho yake, baada ya hotuba na picha, mzee aliifungua zawadi taratibu bila kuichana karatasi, akaugeuza msumeno huku na huku, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, hebu tuonyeshe."

Ukoo mzima ukahamia chini ya mlimau. Nikavaa miwani na glavu. Kabla ya kuanza nilitoa maelezo mafupi kuhusu volti, ambayo nilikuja kuambiwa baadaye kwamba hayakuwa mafupi. Kisha nikachagua tawi la unene wa kifundo cha mkono, nikabonyeza kitufe, nikafyatua, nikauweka msumeno juu ya tawi kwa madaha.

Ulipiga kelele nyingi. Vumbi la unga likatoka, kisha moshi mwembamba, kisha harufu kama ya mkaa uliomwagiwa limau. Nikakandamiza zaidi. Gome likawa kahawia, likawa jeusi, likaanza kung'aa, lakini tawi lenyewe halikukatika hata kidogo. Nilipouinua msumeno ili nipumzike, palikuwa na kimfereji chembamba kilicholainishwa vizuri kuliko meza ya seremala. Katika ule ukimya nilimsikia mama mkwe akimuuliza binti yake kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Huyu mumeo anakata au anapiga pasi?"

Baba mkwe hakucheka. Alinyoosha mkono nikampa msumeno, na jambo la kwanza alilofanya ni kuchomoa betri, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kila nilipougusa ule mnyororo na sikulifanya hata mara moja. Akavaa miwani yake ya kusomea, akatazama, akatikisa kichwa. "Meno haya yanakukimbia, mwanangu," akasema. Akanieleza, mbele ya watu wasiopungua ishirini, kwamba mnyororo hupita juu ya bapa ukielekea nchani na kurudi kwa chini, kwa hiyo makali ya meno ya juu hayana budi kutazama mbele. Mimi nilikuwa nimeyageuzia kisogo, na nilichokuwa nikikisugulia kwenye mti ni migongo ya meno. Akalegeza nati, akaugeuza mnyororo, akaukaza mpaka ukakaa vyema kwenye mfereji wake huku ukiendelea kuteleza kwa kuvutwa na kidole, akarudisha betri. Tawi nililolipiga pasi lilianguka kabla sijamaliza kujieleza. Likafuata la pili, la tatu na la nne, na wajukuu wakashangilia kila moja.

Hapo ningenyamaza, ningekuwa mtu mwenye aibu moja tu. Lakini nikaomba tawi la mwisho, lile nene, ili heshima irudi. Nilikuwa nimesoma kwamba tawi zito huanziwa kwa chini ili lisichane gome la shina linapoanguka, na huo ni ukweli. Ambacho sikukisoma mpaka mwisho ni kwamba ule mkato wa chini huishia kama theluthi moja tu ya unene, kisha mtu huhamia juu. Mimi nilipanda tu kutoka chini kuelekea juu. Tawi likajiinamia kwa uzito wake, mdomo wa mkato ukafumba, na bapa likabanwa mle ndani kama kidole mlangoni. Nikafyatua. Nikafyatua tena. Taa ndogo ya betri ikapepesa nyekundu mara tatu, ikazima.

"Si neno," akasema mzee, "tuichaji kidogo. Chaja iko wapi?"

Chaja ilikuwa mwendo wa saa mbili kutoka pale, kwenye ukuta wa sebule yangu, mahali nilipoichomeka usiku uliotangulia, bila shaka ikiwaka taa yake ya kijani kwa amani.

Mzee akaingia ghalani, akatoka na ule msumeno wake wa mkono. Alilikata lile tawi kwa juu, taratibu, mvuto baada ya mvuto, huku mimi nimesimama chini nikiushikilia ule mpya kwa mikono miwili usije ukaanguka, kama mtu aliyeachiwa kichanga na mama asiyemfahamu. Shemeji mdogo alirekodi yote.

Juma lililofuata nilipeleka chaja. Mzee alinipokea vizuri, akanionyesha msumeno ukiwa safi, umepakwa mafuta, umetundikwa ukutani kando ya ule wa zamani. Pembeni mwa bapa alikuwa amechora mshale mwekundu kwa rangi na kuandika kwa herufi kubwa: MENO HUKU. Nikamwambia kwamba ni wazo zuri, kwani mtu wa umri wake anaweza kusahau. Alitabasamu, akaenda kuangalia mlimau wake. Mama mkwe ndiye aliyeninong'oneza kwamba mshale ule mzee aliuchora aliposikia kwamba huenda nikaja kuuazima.