Kihispania na Kireno: vikae idara moja hadi uzamivu?

Polvo kwa Kihispania ni vumbi; kwa Kireno ni pweza. Anayedhani kwamba ukijua lugha moja basi nyingine utaiokota njiani hujikwaa hapo, na wanaotaka lugha hizi zitenganishwe katika uzamili na uzamivu wana mifano tele ya namna hiyo.

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani lugha hizi mbili zinakaa idara moja. Ni mazoea ya siku nyingi: chama cha walimu wa Kihispania kilichoanza 1917 kilikipokea Kireno mwaka 1944. Mwaka 1958, baada ya Wasovieti kurusha setilaiti ya Sputnik, serikali ilianza kufadhili lugha ilizoziona muhimu kwa usalama wake, Kireno kikiwemo. Mizani haikusawazika hata hivyo. Wanafunzi wa Kihispania ni wengi mno, na kazi za uhadhiri hufuata waliko wanafunzi. Anayetaka kuandika tasnifu juu ya fasihi ya Msumbiji anaweza kupoteza miezi akijiandaa kwa mtihani wa washairi wa Hispania wa karne ya 17, na akirudi kwenye mada yake akute msimamizi ni mmoja tu. Malalamiko hayo ni ya haki.

Upande wa pili wanasema Kireno kikisimama peke yake kitaanguka, maana bajeti ikibana idara ndogo ndizo hufungwa kwanza. Ni kweli, ila hofu ya bajeti haitoshi kuwa sababu ya kitaaluma. Sababu hiyo ipo, na kwetu Waswahili ipo Mombasa.

Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, mfalme wao alikuwa Felipe II wa Hispania. Toka 1580 hadi 1640 taji za nchi hizo mbili zilikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa, India, chini ya Wareno na kubatizwa Dom Jerónimo Chingulia, alipoiteka ngome hiyo mwaka 1631, mfalme aliyeasiwa alikuwa akikaa Madrid. Mtafiti wa kisa hiki akiishia kwenye nyaraka za Lisbon ameona nusu tu ya utawala uliomkabili sultani yule.

Kwa hiyo naunga mkono idara moja, kwa sharti kwamba mwanafunzi achague lugha ya kuibobea, na ile ya pili aijue kiasi cha kusoma nyaraka na vitabu bila mkalimani. Afrika nayo isiachwe pembeni. Kireno ni lugha rasmi Angola, Msumbiji, Guinea-Bissau, Cape Verde na São Tomé na Príncipe. Guinea ya Ikweta, nchi ya Kihispania, ilijiunga na jumuiya ya nchi za Kireno mwaka 2014. Orodha ya mtihani wa uzamivu yenye waandishi wa Maputo, Msumbiji, na wa Malabo, Guinea ya Ikweta, kwa pamoja haiwezi kutungwa na idara yenye lugha moja.