Vim, msaada ufunguke hapa hapa!

Ukiandika `:help` kwenye Vim, kihariri cha maandishi na msimbo, ili kusoma msaada wake, dirisha linakatwa vipande viwili bila kuulizwa. Kwa kawaida `helpheight`, yaani kimo cha chini cha dirisha la msaada, ni mistari 20, kwa hiyo skrini ya mistari 24 inaacha msimbo wako kama mstari mmoja hivi. Mstari mmoja! `:help mada | only` inafunga madirisha yote mengine, `:tab help mada` inakuhamishia kichupo kipya. Yote hayo si dirisha hili hili.

Njia ni kuzunguka: `:enew | set buftype=help | help mada`, yaani fungua bafa (maandishi yaliyo kwenye kumbukumbu) mpya tupu, iite ya msaada, kisha omba msaada. Vim ikikuta bafa ya sasa ni ya msaada, haikati dirisha. Lakini faili lisipohifadhiwa na `hidden` (chaguo la kuacha bafa isiyohifadhiwa ikae nyuma) ikiwa imezimwa, `:enew` inagoma kwa kosa E37. Jambo dogo hivi lilistahili amri yake fupi tangu zamani.