Kilomita 78,000, kweli?

Jamani madalali, mnatuonaje? Jana nimeoneshwa gari, Toyota IST ya 2004, dalali anaapa imetembea kilomita 78,000 tu. Miaka yote hiyo kwenye foleni za Dar! Raba ya pedali ya breki imelika mpaka chuma kinang'aa, usukani umechubuka, kiti cha dereva kimebonyea kama godoro la gesti. Kufungua boneti, nakuta kikaratasi cha kubadilisha oili kimeandikwa kwa kalamu: kilomita 214,000. Namuonesha. "Kaka, hicho ni cha gari lingine." Cha gari lingine, ndani ya boneti hii! Na injini wameiosha ikatakata, eti usafi. Nikaomba niipeleke kwa fundi wangu. Ghafla kuna mteja mwingine yuko njiani na pesa taslimu.