Bati linavuja na kodi ya miezi sita imeshaliwa: matengenezo alipe nani?

Watu wetu wakifika Ujerumani husifia haki za wapangaji kana kwamba kwetu hakuna sheria. Ipo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inamwachia mwenye nyumba anayepangisha sehemu ya jengo jukumu la paa, kuta kuu, mabomba makuu ya maji taka na njia za pamoja, mkataba usiposema vinginevyo. Kinachoinyima nguvu ni kodi ya miezi sita kuwa mfukoni mwa mwenye nyumba kabla mpangaji hajaingiza godoro. Bati likianza kuvuja mwezi wa pili, utamzuilia nini? Unaambiwa "tengeneza, tutakatana kwenye kodi". Ikifika siku ya kukatana, risiti haionekani, au kodi yenyewe imepanda.

Huku Ujerumani kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, mwisho siku ya tatu ya kazi. Boila, mtambo wa kupasha nyumba joto, ikizima Januari, kodi inapungua kisheria kwa kadiri ya usumbufu, ilimradi mpangaji ametoa taarifa. Asipotoa taarifa anapoteza haki hiyo, na uharibifu ukiongezeka kwa sababu ya ukimya wake anaweza kudaiwa yeye. Ndiyo maana fundi huitwa mapema. Upole wa mwenye nyumba hauhusiki hapo.

Lakini msidanganyike kwamba mpangaji wa Ujerumani halipii kitu. Mikataba mingi ina kipengele cha matengenezo madogo, na hapo ndipo wageni wengi wanapopigwa. Kipengele hicho ni halali kikiwa na vikomo viwili: cha kila tengenezo, ambacho mahakama nyingi hukikubali kati ya yuro 75 na 120 hivi, na cha mwaka, kwa kawaida asilimia 6 hadi 8 ya kodi ya mwaka. Kinahusu tu vitu unavyovishika kila mara: koki, swichi, soketi, vitasa, vishikio vya madirisha, mkanda wa kupandishia pazia la nje. Bomba lililo ndani ya ukuta halimo, wala nyaya.

Shika hili hasa: kikomo kikiwa yuro 100 na ankara ikaja ya 130, mpangaji halipi 100 halafu mwenye nyumba amalizie 30. Mpangaji halipi hata senti, yote ni ya mwenye nyumba. Wapo wanaotuma ankara hiyo wakiomba "sehemu yako", na mgeni asiyejua analipa. Tena, mkataba hauwezi kumlazimisha mpangaji amtafute fundi mwenyewe. Yeye anatoa taarifa, mwenye nyumba anaagiza.

Gharama nyingine zinaingia kupitia hesabu ya mwaka ya huduma. Kusafisha na kukagua boila kila mwaka unaweza kutozwa ikiwa mkataba unakutoza gharama za uendeshaji, ila kubadilisha pampu yake iliyokufa ni ukarabati na haumhusu mpangaji. Ukiona neno la ukarabati kwenye hesabu hiyo, ulizia. Hesabu yenyewe lazima ikufikie ndani ya miezi 12 tangu kipindi chake kiishe. Ikichelewa kwa uzembe wa mwenye nyumba, hawezi kudai nyongeza.

Kwa upande mmoja kwetu ni afadhali: fundi. Huku fundi bomba akifika mlangoni tu ameshakula sehemu kubwa ya kikomo cha matengenezo madogo, kwa hiyo watu wanajifunza kufungua kichujio cha mdomo wa koki na kukiloweka kwenye siki kitoe chokaa. Dar fundi anatoka mtaa wa pili na washa, kile kipira cha kuzibia koki, mfukoni. Tatizo ni kwamba anaitwa mambo yakishaharibika. Koki ikianza kudondosha, mpira wa washa umeliwa, ni kitu cha bei ndogo sana. Mpangaji badala ya kuubadilisha anakaza kwa nguvu kila siku, chuma kinasagana na chuma, kikalio cha koki, pale washa inapokaa, kinachimbika, na sasa hata washa mpya haizibi. Ugomvi wa mia chache umekuwa ugomvi wa koki nzima, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kidole.

Boya la simtanki ni hivyo hivyo. Mchanga ukikwama kwenye vali maji yanamwagika usiku kucha na mita inahesabu. Mimi ningesema boya ni la mwenye nyumba, kwa sababu tanki liko juu ya mnara na wapangaji hawaligusi, lakini bili ya maji yaliyomwagika baada ya wapangaji kuona na kunyamaza ni yao.

Shimo la choo lina utata zaidi. Kujaa kwa matumizi ni gharama ya wakaaji, wachangie gari la kunyonya kwa idadi ya vichwa. Lakini shimo likijaa tena wiki chache baada ya kunyonywa, hasa masika kwenye maeneo ya bondeni, si wapangaji wanaolijaza. Maji ya ardhini yanapenya ukutani, na hilo ni suala la ujenzi.

Kwa mkataba wa nyumba ya shilingi 200,000 kwa mwezi, ningeandika hivi: tengenezo la kitu cha kushikwa lisilozidi shilingi 20,000 ni la mpangaji, likizidi, lote ni la mwenye nyumba, jumla ya mpangaji kwa mwaka isivuke nusu ya kodi ya mwezi mmoja. Taarifa iende kwa ujumbe wa simu wenye picha kabla fundi hajagusa kitu, na jibu la mwenye nyumba lihifadhiwe. Kama kukwepa miezi sita haiwezekani, omba mitatu, na kiasi cha kukatwa kiandikwe siku ileile kwenye nakala zote mbili za mkataba.

Na kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), nayo iingizwe humo humo. Ni deni la mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ndiye anayelitoa, na sijaona mikataba mingi inayolitaja.