Dereva akisema "sikumuona boda", msikilize kwanza kabla hujamzaba kofi

Juzi kati natoka mtaani Sinza naingia Shekilango, saa 11 jioni, nimeangalia kulia, kushoto, kulia tena kama tulivyofundishwa, nikaachia breki gari ikaanza kusogea, mara mke wangu kapiga kelele "boda!" nikakanyaga breki mpaka mkoba wake ukaruka chini. Kijana kapita mita moja hivi mbele ya boneti, kayumba, kaenda kusimama mbele kidogo, kisha akarudi taratibu. Nilishajiandaa kwa matusi. Hakutukana. Akainama dirishani akaniuliza, "Mzee, mbona ulikuwa unaniangalia usoni kabisa?"

Sikuwa na jibu, maana kwa jinsi ninavyoikumbuka ile sekunde barabara ilikuwa tupu.

Mjini hapa ajali ya boda na gari ikitokea watu wanakuwa wameshagawanyika kabla hata vumbi halijatua. Wenye magari wanasema hawa vijana hawana akili, wanapita kushoto, taa nyekundu kwao ni pambo, hata kwenye njia ya mwendokasi wanaingia. Vijiweni nako wanasema wenye magari wana dharau, wanatuona ila wanatuchomekea makusudi kwasababu sisi tuna matairi mawili. Dereva akijitetea "jamani sikumuona" ndo kabisa anawasha moto, kijiwe kizima kinazunguka gari, maana anaonekana muongo na mwenye dharau kwa pamoja.

Niwape wenye magari haki yao kwanza na nimalizane nao mapema, maana haya yanajulikana. Boda anayekuja upande usio wake, usiku, taa hana, saitimira alishazifungua ili apenye kwenye foleni, kapakia mishikaki, huyo hata umvalishe kizibao cha kuwaka kama mti wa Krismasi bado utamgonga, kwasababu katokea mahali ambapo hakuna mtu anatazama. Na mafunzo ndo usiseme, wengi wamejifunzia kiwanja cha mtaa jioni moja kwa pikipiki ya rafiki, kesho yake wana abiria. Hili sio la kwetu peke yetu. Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza ajali 900 hivi za pikipiki eneo la Los Angeles, ripoti ikatoka 1981, wakakuta asilimia 92 ya waliopata ajali hawakuwahi kufundishwa rasmi, walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki.

Sasa ripoti hiyohiyo ina jambo lingine ambalo wenye magari hawapendi kulisoma. Katika zile ajali ambazo pikipiki iligongana na gari, theluthi mbili kosa lilikuwa la gari kuingilia njia ambayo pikipiki ndo ilikuwa na haki nayo. Theluthi mbili! Na sababu kuu waliyoikuta ni kwamba dereva wa gari hakuitambua pikipiki kabisa, au aliitambua wakati hakuna tena la kufanya. Kwahiyo yule kijana anayekwenda upande wake, spidi yake, elementi (kofia ngumu) kichwani, akagongwa vilevile, yupo, na ni wengi. Ila kwetu hana mtetezi, tumeshaamua boda wote ni walewale, akilala pale chini swali la kwanza mtu anauliza "alikuwa anaendeshaje?"

Mi kwa upande wangu yule kijana wa Shekilango alinifanya nikae nifikirie jicho langu linafanyaje kazi, na nilichokikuta kimenitisha kidogo.

Fanya hivi hapohapo ulipo: nyoosha mkono mbele, inua kidole gumba, fumba jicho moja. Hicho kidole kinatosha kumfunika boda mzima, na mpini wake, akiwa mita 25 kutoka kwako. Sasa njoo kwenye gari. Ile nguzo inayoshika kioo cha mbele upande wa dereva ni nene kuliko gumba mara kadhaa, kwahiyo hata ukitumia macho yote mawili bado kuna kipande cha barabara hukioni, na kipande hicho kinatosha boda ila hakitoshi daladala. Na kuna ubaya juu ya ubaya. Sisi Dar tuna tabia ya kusogeasogea kwenye makutano, unatoa pua kidogo, unaongeza kidogo, kwasababu ukisubiri kupewa njia utakesha. Ukiwa unasogea hivyo na boda anakuja kutoka kulia, inaweza kutokea nyie wawili mnaelekea sehemu moja kwa mwendo unaolingana, yani nguzo inatembea naye hatua kwa hatua, inamficha tangu yuko mbali mpaka mnakutana. Umeangalia kulia mara 2 na mara zote 2 ulikuwa unaangalia chuma.

Halafu jicho lenyewe halitelezi kama kamera ya harusi, linaruka kutoka sehemu hadi sehemu, na wakati linaruka ubongo unazima picha na kujaza pengo kwa kukisia. Ukigeuza shingo harakaharaka boda anaweza kuangukia palepale kwenye pengo, ubongo ukakuchorea lami tupu. Bado hapo kuna kitu kinachokuja moja kwa moja usawa wako, hicho hakihami pembeni, kinakua tu, na mwanzoni kinakua polepole mno, kikikaribia ndo kinafura ghafla. Boda akiwa kwenye 50 kwa saa anakata karibu mita 14 kila sekunde, hivyo hizo sekunde 2 ulizokuwa unajishauri ameshamaliza mita 28. Na hata ukimuona, wachunguzi walishaonyesha kwamba kitu kidogo tunakikadiria kitachelewa kufika kuliko kikubwa hata kama viko umbali mmoja na spidi moja. Ndo maana kosta unaisubiri ipite, boda unasema "huyu namuwahi".

Kwahiyo "sikumuona" mara nyingi ni ukweli mtupu. Haimsafishi mtu, ila ni ukweli, na ukiukataa unakosa pa kuanzia kutibu.

Hapa ndo kuna takwimu ambayo imeniganda kichwani na nikianza kuiongelea nyumbani wanaondoka mmojammoja. Auckland, New Zealand, walilinganisha waendesha pikipiki waliopata ajali na ambao hawakupata, matokeo yakachapishwa 2004. Waliovaa nguo za kung'aa au za kuakisi hatari yao ya kuumia ilikuwa pungufu kwa asilimia 37. Waliowasha taa ya mbele mchana, pungufu kwa asilimia 27. Na waliovaa elementi nyeupe ukilinganisha na nyeusi, pungufu kwa asilimia 24. Elementi! Rangi tu. Kizibao unanunua, taa inakula globu, ila elementi boda anayo tayari na dukani nyeupe na nyeusi bei ni moja. Sasa simama dakika 10 pale Magomeni au Buguruni uhesabu vichwa, mi nilihesabu nikiwa kwenye foleni, nyeusi, nyeusi, nyeusi, bluu iliyokolea, nyeusi, ya abiria imening'inia kwenye mpini nayo nyeusi. Kichwa ndo sehemu ya juu kabisa ya boda, ndo inayochungulia juu ya paa la gari dogo kama IST wakati mwili na pikipiki vimefichwa, na ndo tumeipaka rangi ya lami. Nimewahi kumuuliza mmoja akanijibu nyeupe inachafuka haraka, na kusema kweli na vumbi letu la Goba nimemuelewa.

Mtu makini atasema subiri, anayechagua elementi nyeupe pengine ni mtu mwangalifu tangu mwanzo, si rangi iliyomuokoa ni tabia yake. Hoja nzuri, wale watafiti walijaribu kupunguza hilo kwenye hesabu zao ila huwezi kulimaliza lote. Mwingine atasema Auckland na Kariakoo wapi na wapi. Sawa, tuje Malaysia basi, nchi ya pikipiki ndogo kama hizi zetu. Walilazimisha taa za mbele ziwake mchana mwaka 1992, na uchunguzi wa miji ya Seremban na Shah Alam ukakuta ajali zinazotokana na pikipiki kutoonekana zimepungua kama asilimia 29. Sio muujiza, ajali nyingi zilibaki. Ila ni zoezi la kubonyeza swichi.

Na hapa kwetu hiyo swichi ina adui. Ukiwasha taa mchana kuanzia Mwenge mpaka Morocco utakutana na watu wema wasiopungua watano wanakufumbulia na kukufumbia vidole, "taa! taa!", mpaka unaona aibu unazima. Tunamrekebisha mtu kwa kosa la kuonekana! Kuna na wanaosema inamaliza betri, wakati pikipiki nyingi ndogo za zamani taa ya mbele inakula umeme moja kwa moja toka kwenye mashine, ndo maana ukiwa sailensa, yani mashine inawaka tu bila kuvuta mafuta, inafifia. Kinachoumia ni globu. Kingine, usichanganye taa kuwaka na kupiga fulu, maana fulu kwetu ina maana mbili zinazogombana, huyu anapiga kusema "napita mimi", yule anaelewa "pita wewe", wakikutana katikati ndo basi tena. Hizi za kumetameta nyekundu na bluu wanazofunga siku hizi nazo zinaonekana kweli, ila zinaniumiza macho mpaka sijui mtu yuko umbali gani.

Kizibao nacho kina mambo yake ambayo trafiki anayekikagua hayaangalii. Ile rangi ya kijani-njano inayowaka inafanya kazi mchana kwa mwanga wa jua, usiku haina kitu. Zile mistari ya fedha ndo za usiku, na mpaka taa ya gari izipige. Kizibao cha mwaka mmoja kimeshapauka na kula grisi kimebaki rangi ya ugali wa jana, anakivaa kwa ajili ya faini tu. Na hata kikiwa kipya, boda akishampakia mama na kiroba chake, mgongo wote wenye reflekta unamtazama abiria kifuani, dereva wa nyuma anaona kanga. Kwa mbele je? Wengi wamevaa jaketi zito juu yake kwa ajili ya baridi ya asubuhi. Ukifika Kariakoo ndo vichekesho, miavuli ya rangi zote, mabango, wapagazi wenye vizibao vilevile, na kinachomfanya mtu aonekane ni kutofautiana na kilicho nyuma yake, sio kung'aa peke yake.

Sasa vijana watauliza, na wana haki ya kuuliza, kwanini mzigo wote huu tubebe sisi wakati mwenye kosa ni wa gari? Nakubaliana nao zaidi ya nusu. Kuna uchunguzi mkubwa wa nchi 5 za Ulaya uliokusanya ajali 921 mwaka 1999 na 2000, mojawapo ya walichokikuta ni kwamba madereva wa magari wenye leseni ya pikipiki pia walikuwa na uwezekano mdogo sana wa kushindwa kuiona. Macho ni yaleyale, ila mtu aliyewahi kukaa juu ya tairi mbili ubongo wake unamtafuta boda. Maana yake kuona kunafundishika. Shule zetu za udereva zinakufundisha kurudi nyuma kati ya vijiti na majina ya alama, sikumbuki mtu aliyewahi kuniambia neno moja kuhusu ile nguzo. Ningekuwa na uwezo kila anayeomba leseni ya gari angepanda kwanza boda kutoka Tabata mpaka Posta saa 1 asubuhi, akishuka mapaja yanatetemeka ndo tumpe fomu.

Ila mpaka siku hiyo ifike, mwenye mfupa wa kuvunjika ni boda, ndo maana bado namwambia awashe taa. Na nimeongezea jambo moja nilipomtafuta yule kijana. Anapaki kijiwe cha karibu na pale tulipokoswakoswa, nikamwambia ile siku sikukuona kweli, akacheka, "Mzee, si tuliangaliana?" Nikamwambia usiamini macho ya mtu, angalia tairi lake la mbele, tairi likianza kuzunguka hata kidogo huyo hajakuona. Na kwa malori ya Mandela Road yanayotoka bandarini, kama huioni saitimira yake basi na yeye hakuoni, usikae hapo. Akasema la saitimira analijua, la tairi hakuwahi kulisikia. Elementi yake bado nyeusi.

Mimi siku hizi nikifika makutano nasimama kabisa, napeleka kichwa mbele, nakirudisha nyuma, mbele tena, nachungulia pande zote za ile nguzo. Mke wangu anasema nafanana na kuku aliyesikia pumba zinamwagwa. Jana nilivyochungulia hivyo mara ya pili walitokea wawili, wamefuatana, wala taa hawajawasha.