Simu ya mzazi na uraibu wa mtoto: nani anamwambukiza nani?

Septemba 2018, mvulana wa miaka saba aliongoza maandamano ya watoto mjini Hamburg, Ujerumani. Ujumbe wao ulikuwa mfupi: wazazi, chezeni nasi, si na simu zenu. Habari ile ilisambaa haraka, kwani wengi tunaamini kwamba mtoto hujifunza kung'ang'ania simu kwa kumtazama mzazi. Kwa kiasi kikubwa nakubaliana na imani hiyo. Ila lawama tunazozijenga juu yake mara nyingi humwangukia mtu asiyestahili.

Ushahidi upo. Mwaka 2014 daktari wa watoto Jenny Radesky na wenzake walichapisha utafiti wa Boston, Marekani, walikowatazama walezi 55 wakila na watoto kwenye migahawa. Walezi 40 walishika simu, na wengine walizama humo karibu muda wote wa mlo. Mtoto akianza vituko, waliozama ndio mara nyingi waliomkaripia kwa ukali. Na tangu miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick alikwishaonyesha kwamba mama akiukausha uso wake, bila kuonyesha hisia yoyote, kwa dakika chache tu, mtoto mchanga huhangaika kumrudisha: hutabasamu, hunyoosha mikono, kisha hulia. Uso ulioinamia simu hauko mbali sana na huo.

Hata hivyo, mwaka 2018 Radesky na Brandon McDaniel walitoa matokeo ya kuzifuatilia familia kwa takriban miezi sita, wakaona mambo yanakwenda pande zote mbili. Mtoto msumbufu humchosha mzazi, mzazi hukimbilia simu, na usumbufu unazidi. Tena hapo walipima tabia za mtoto kwa jumla, si uraibu wa simu. Neno uraibu tunalitumia ovyo. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 inautambua uraibu wa michezo ya kidijitali, lakini wa simu haimo. Mtoto anayelia akinyang'anywa simu huenda analia tu, kama anavyolia akinyang'anywa mpira.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo ambalo tafiti za Marekani hazilioni. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na Tanzania 2008, na leo simu ya mama ndiyo benki, ndiyo duka la vitenge la WhatsApp, ndiyo daftari la kikoba, na ndimo lilimo kundi la wazazi wa darasa. Kumwambia aiweke kando jioni nzima ni kumwambia afunge biashara. Naona ni dhuluma kumweka kapu moja na anayetazama klipu hadi usiku wa manane.

Lakini mtoto haioni tofauti hiyo. Anachoona ni kichwa kilichoinama. Gharama ya kumweleza ni ndogo: "Namtumia bibi hela, nikimaliza naja." Kisha uje kweli.

Pia watoto wengi wadogo huku hawana simu zao. Wanatumia ya mama, ya baba au ya dada wa kazi, kwa bando la mtu mzima. Kwa hiyo karibu kila dakika ya katuni kuna mkono wa mtu mzima uliompa, mara nyingi ili anyamaze ugali uive. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pa kuangalia kabla ya kuhesabu saa za mzazi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Ushauri huo ni mgumu kwa mama anayepika peke yake, huku baba amerudi saa mbili usiku na kuketi sebuleni na simu yake. Mjadala huu humtaja mama kila mara. Baba huyo angeweza kumpokea mtoto kwa nusu saa tu, na simu isingehitajika.

Kwa kijana wa miaka kumi na mitano hesabu hubadilika: ana marafiki mtandaoni, na video inayofuata hujicheza yenyewe. Mfano wa mzazi bado una uzito, ila programu hizo zimetengenezwa kumshika hata mzazi mwenyewe. Anayemtaka kijana azime simu saa tatu usiku ajiandae kuizima ya kwake saa hiyohiyo, na kijana amwone akiizima.