Uchungu wa mofini

Mama mkubwa alilazwa chumba cha mbele, nyumbani kwake Rau hapa Moshi, ili asikie watu wakipita njiani. Saratani ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Kila baada ya saa nne binti yake, yaani binamu yangu, alichukua chupa ya plastiki yenye maji ya kijani, akavuta mililita tano kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akamtilia mdomoni taratibu. Mama mkubwa alikunja uso. "Hii inaishinda kwinini," alisema siku moja, na yeye kwinini aliijua vizuri. Muda si mrefu maumivu yakatulia, akaanza kuuliza kama kuna mtu amewapa kuku maji.

Jirani aliposikia kwamba ile chupa ni mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, alimvuta binamu yangu pembeni: "Mnampa mama unga?" Mjomba alikuja na lake. Kuna Mmasai pale Mbuyuni anauza mizizi ya maumivu, ya asili kabisa, haina kemikali. Kwa nini tuhangaike na dawa ya kuandikiana madaftari hospitalini?

Nimewafikiria sana hao wawili, kwa sababu kila mmoja ameshika ukweli nusu.

Nianze na mjomba. Uchungu ule uliomkunja mama mkubwa uso umetoka shambani. Mofini ni alkaloidi, yaani moja ya kemikali ambazo mimea hujitengenezea, nyingi zikiwa kinga dhidi ya wanaoitafuna. Kwinini ya gome la msinkona ni alkaloidi. Kafeini iliyo kwenye kahawa ya mlimani kwetu, nikotini ya tumbaku, kathinoni ya mirungi inayofyekwa kila mara kule Same, zote ni ukoo mmoja. Kwa hiyo "haina kemikali" ni maneno ya kuuzia tu. Mzizi unaotuliza maumivu unayatuliza kwa kemikali iliyomo ndani yake, na swali linalobaki ni kiasi gani imo.

Hapo ndipo wenye viwanda vya dawa wana haki yao. Utomvu wa mpopi, mmea unaotoa mofini, yaani afyuni, ambayo wazee wa pwani waliiita kasumba (ndiyo, hiyohiyo tunayowatupia watu wenye fikra za kikoloni), ulitumika maelfu ya miaka bila mtu kujua kipimo. Mofini ndani yake huwa kama asilimia 10, ila hupanda na kushuka kulingana na shamba na msimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 kijana wa duka la dawa Ujerumani, Friedrich Sertürner, aliitenga mofini peke yake. Matokeo aliyochapisha mwaka 1817 yanaeleza alivyoijaribu kwa kuinywa yeye na vijana watatu, nusura wajiue kwa sumu. Lakini tangu hapo mtu aliweza kupima. Mwaka 1827 watengenezaji dawa Merck wa Darmstadt, hukohuko Ujerumani, walianza kuiuza. Mililita tano za mama mkubwa zina ukoo huo: leo ni sawa na jana, na muuguzi akitaka kuongeza anajua anaongeza nini.

Mwenye mizizi hana uhakika huo, hata akiwa mkweli. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wameikuta tramadoli, dawa ya maumivu iliyobuniwa maabara Ujerumani, kwenye magome ya mizizi ya mti mmoja huko kaskazini mwa Kamerun. Watu wa kule wanautumia mti huo kwa maumivu, kwa hiyo habari ilipokelewa kwa shangwe: Afrika ilikuwa nayo siku zote! Mwaka uliofuata kikundi kingine kikaenda kuchimba zaidi. Kiliikuta tramadoli kwenye udongo, kwenye maji, hata kwenye mizizi ya miti mingine ya huko. Wakulima walikuwa wanameza vidonge vya bei rahisi na kuwapa ng'ombe wavumilie jua wakilima. Ng'ombe wakapumzika kivulini, wakakojoa, mizizi ikanywa. Ubishi wa wataalamu uliendelea, ila mimi mkojo wa ng'ombe umenishawishi. Na sisi wa kanda hii, tuliopanga foleni ya magari kwenda Samunge kwa Babu wa Loliondo mwaka 2011 kunywa kikombe cha shilingi 500, hatuna haki ya kuwacheka Wakamerun.

Simaanishi kwamba dawa za Wamasai ni porojo. Mpopi nao ulianza kama mmea wa waganga. Ninachosema ni kwamba mgonjwa wa saratani hawezi kuwa ndiye kipimo.

Jirani sasa. Hofu yake ina msingi, na hapo viwanda vinakosa utetezi. Heroini, huo unga anaousema, si jina la vijiweni. Kampuni ya dawa ya Bayer ndio waliolitoa mwaka 1898, walipoiuza mofini iliyobadilishwa kama dawa ya kikohozi. Miaka ya 1990 Tasmania ikapatikana aina ya mpopi yenye thebaini nyingi badala ya mofini, na thebaini ndiyo malighafi ya oksikodoni, dawa nyingine kali ya maumivu. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue wakaingiza sokoni OxyContin, vidonge vya oksikodoni, huko Marekani, wakiwaambia madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni yenye uhusiano nao na wakubwa watatu walikiri kosa la kuinadi dawa kwa udanganyifu, wakalipa zaidi ya dola milioni 600. Kwa faida waliyokuwa wanaingiza, hiyo ilikuwa kama nauli.

Lakini woga wa Wamarekani tumeuazima bila kuwa na ugonjwa wenyewe, yaani uraibu wa vidonge hivyo. Tume ya jarida la tiba la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Mofini ya maji ni ya bei rahisi mno, haina hatimiliki, na kwa sababu hiyohiyo haina mwakilishi wa mauzo wa kuipigia debe mlangoni kwa daktari. Soko likiachiwa peke yake, mpopi uleule unawafurika wengine na kuwapita wengine.

Wapo wanaosema basi tulime mpopi wenyewe. Arusha tulishaonja hilo katikati ya miaka ya 2000, kwa pakanga, yaani artemisia (dawa yake si alkaloidi, lakini somo ni lilelile). Dawa mseto ya malaria ilipoihitaji, bei ikapaa, wakulima wakahamasishwa. Miaka michache baadaye soko likajaa na bei ikaporomoka. Kufika 2013 kampuni ya dawa ya Sanofi walikuwa wanatengeneza artemisinini, dawa yenyewe iliyomo kwenye pakanga, kwa kutumia hamira iliyobadilishwa vinasaba. Mwaka 2015 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakaifanya hamira itoe thebaini. Mkulima wa Arumeru atakayewekeza kwenye mpopi, hata akipewa kibali, atashindana na hamira. Isitoshe, malighafi haijawahi kuwa tatizo letu. Uganda hailimi mpopi. Wananunua unga wa mofini, wanauchanganya na maji kwao, mgonjwa anapewa bure, na tangu 2004 sheria inamruhusu hata muuguzi aliyesomea huduma ya kuwatuliza wagonjwa wa aina hii kumwandikia mgonjwa mofini.

Kwa hiyo madaftari aliyoyalalamikia mjomba mimi nayatetea, ila nataka yawe kwenye hospitali nyingi zaidi. Binamu yangu alikuwa anapanda daladala mbili kufuata chupa moja, na mara mbili aliambiwa arudi wiki ijayo. Wiki hizo mbili, kuku hawakuulizwa.

Mama mkubwa alipofariki, chupa ilibaki na dawa chini kidogo. Tuliirudisha wenyewe. Muuguzi aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akavuta yote kwa bomba, akasoma: mililita thelathini na tano. Akaandika, akanigeuzia daftari nisaini. Juu ya jina la mama mkubwa, ukurasa mzima, kulikuwa na majina manne tu.